Mlango wa Ubingwa kwa Daktari wa Bariadi

Mgonjwa wa Lingeka anayepewa rufaa ya Bugando hupita Bariadi, akateremka Lamadi, kisha akaishika barabara kuu ya kwenda Mwanza. Ndugu zake huuza ng'ombe, au hungoja malipo ya pamba. Njiani hulalamika kwamba Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, hauna mabingwa wa kutosha. Wachache huuliza kwa nini daktari kijana aliyeiandika rufaa ile hakuendelea kusoma. Wengi hudhani hakutaka. Mara nyingi dhana hiyo si ya haki.

Daktari huyo amekwisha kusoma miaka 5 ya shahada ya udaktari, akafanya utarajali wa mwaka 1, akasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ubingwa humtaka miaka mingine 3 au zaidi, Muhimbili, Bugando, Dodoma au KCMC, Moshi. Hapo ndipo panapo ajabu. Chuo humwandikisha kama mwanafunzi na kumtoza ada. Hospitali nayo humtumia kama daktari. Huzungukia wodi, hupokea dharura za usiku, husaidia upasuaji, huwaelekeza watarajali, na bado anadaiwa tasnifu. Madaktari hawa wakiondolewa kwa usiku mmoja katika hospitali ya kufundishia, wagonjwa watajua kabla hakujapambazuka. Uingereza na Marekani, ambako ushindani wa kuingia ni mkali, daktari wa ngazi hii ni mwajiriwa mwenye mshahara. Huku kwetu kazi ni ya mwajiriwa, risiti ni ya mwanafunzi.

Aliyeajiriwa na halmashauri ana kizuizi kingine: ruhusa. Ni rahisi kumlaumu mganga mfawidhi anayeizuia, lakini mwenye madaktari wachache akimwachia mmoja hujiuliza nani atakayempasua mama mjamzito usiku wa manane. Hiyo ni hesabu, wala si roho mbaya. Basi kijana huambiwa asubiri mwakani, na mwakani huambiwa hivyo hivyo. Mwenzake aliyemaliza utarajali bila kupata ajira hana wa kumzuia. Hana pia wa kumlipia. Ufadhili wa serikali, ukiwamo ule unaoitwa kwa jina la Rais Samia, umewafungulia baadhi yao, na ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, ufadhili huchagua wachache. Wodi zinahitaji utaratibu wa kudumu.

Matokeo yake ni kwamba ubingwa huelekea kwa mwenye familia yenye uwezo, au kwa aliyekwisha kukaa mjini karibu na chuo. Kisha watu hushangaa kwamba hapangwi Meatu akakubali!

Vyuo vina hoja: bila ada, nani atamlipa mhadhiri? Hoja hiyo ni nzito, lakini haisemi kwamba mlipaji lazima awe daktari anayehudumia wodi. Bajeti ya afya inaweza kumlipia ada na mshahara, naye akafungwa kwa mkataba wa kuutumikia mkoa uliompeleka. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, hufundisha wapasuaji wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa. Sharti lake ni gumu, kwani lazima pawe na mwalimu. Bingwa mmoja wa mkoa anayeitwa vikaoni kila juma hawezi kufundisha. Itabidi hospitali ya kanda imkopeshe wenzake kwa miezi kadhaa.

Lipo jambo lisilohitaji kungoja hayo yote. Wahitimu wa udaktari wasio na ajira wapo, na halmashauri zinazohofia kubaki bila daktari zipo. Ruhusa ya masomo iandamane na barua ya ajira ya muda kwa mhitimu atakayeshika zamu za anayeondoka. Mganga mfawidhi akiliona mezani jina la anayekuja, ataweza kutia saini mwaka huu.