Mchezaji si pointi peke yake: mechi za vijana ziandikwe

NYAKABERE – Mechi ya vijana inapoisha, ikiwa Uvira mjini au huku katika bonde la Ruzizi, habari inayofika majumbani ni moja tu: hawa wameshinda, wale wameshindwa. Pointi za ekipi mbili zinatajwa, watu wanatawanyika, na karatasi ya mechi, kama ilikuwepo, inaishia kufungia karanga sokoni. Desturi hiyo ni mbaya na inafaa iachwe. Wanaoumia zaidi ni watoto waliofika hapa kwa kukimbia vita.

Wapenzi wa basketi wanajua jina la NBA, ligi kubwa ya Marekani. Mechi ambayo ligi hiyo inaihesabu kuwa ya kwanza kabisa ilichezwa tarehe 1 Novemba 1946, mjini Toronto, Kanada, wakati ligi bado inaitwa BAA. New York Knickerbockers walipata 68, Toronto Huskies 66. Watazamaji walikuwa 7,090. Ed Sadowski wa Toronto alifunga pointi 18, Leo Gottlieb wa New York 14. Kikapu cha kwanza kilifungwa na Ossie Schectman. Karibu miaka 80 imepita, wachezaji wale wamekwisha kufa, lakini majina yao na pointi zao vinasomwa mpaka leo, kwa sababu siku ile kulikuwa na mtu pembeni ya kiwanja mwenye kalamu.

Lakini karatasi ile nayo ilikuwa na upofu wake. Nani aliruka na kuokota mpira uliogonga ubao? Nani alizuia mkono wa adui usifunge? Hakuna ajuaye. Ligi ilianza kuhesabu rebaundi, yaani mipira inayookotwa baada ya kukosa kikapu, katika msimu wa 1950-51. Bloki, yaani mipira iliyozuiwa, hazikuhesabiwa mpaka msimu wa 1973-74. Bill Russell alistaafu mwaka 1969 akiwa na mataji 11, na sifa yake kubwa ilikuwa kuzuia. Katika hesabu rasmi za ligi hana bloki hata moja. Alizuia, watu waliona, hakuna aliyeandika.

Sasa atazamwe mtoto wa Congo. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alicheza Toronto, mji uleule wa mechi ile ya kwanza. Tarehe 21 Mei 2016, dhidi ya Cleveland, alifunga pointi 7 tu. Kwa karatasi ya mwaka 1946 angeonekana mtu wa kawaida aliyepita. Lakini usiku ule aliokota rebaundi 26 na kuzuia mipira 4, na Toronto ikashinda 99 kwa 84. Dikembe Mutombo wa Kinshasa ni vilevile. Kwa maisha yake yote NBA hakufikisha wastani wa pointi 10 kwa mechi, lakini bloki zake 3,289 zinamweka wa pili katika historia yote ya ligi. Kama hesabu ingebaki ya pointi peke yake, Wacongo hawa wawili wangekuwa wachezaji wa kusahauliwa.

Anayechagua kitu cha kuandika ndiye anayechagua nani ataonekana. Jambo hilo linawahusu sana watu wa ziwa hili.

Mwezi Februari 2025 maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi wakikimbia vita, na uwanja wa mpira wa Rugombo, huko Cibitoke nchini Burundi, ukageuka mahali pa kulala. Pale kiwanjani watu walihesabiwa: familia ngapi, watoto wangapi. Hesabu hiyo ni ya lazima, kwani bila hiyo hakuna unga wala shitingi ya kuezekea. Lakini inamhesabu mtu kwa kile alichopoteza. Karatasi ya mechi inamhesabu kwa kile alichofanya.

Wengine watasema watu wana njaa, nani ana nafasi ya kuandika rebaundi? Wajibiwe hivi: daftari moja na kalamu haviondoi hata kikombe kimoja cha unga katika sahani ya mtu. Na kijana aliyekimbia bila buletini ya shule anajua uchungu wa kusema "nilimaliza darasa la sita" na kuulizwa karatasi iko wapi. Leo tena aseme "nilikuwa mzuiaji mkali kwetu" na aulizwe shahidi ni nani?

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalinong'ona tu. Pasipo maandishi, ekipi zinachaguliwa kwa kujuana. Mtoto wa fulani anaingia, mgeni anakaa kwenye benchi, na hakuna anayeweza kubisha kwa sababu hakuna hesabu ya kuonyesha. Mtoto wa mwenyeji ana mjomba wa kumsemea. Mtoto aliyehama ana daftari tu, tena kama lipo. Kiongozi anayeogopa daftari ajiulize anaogopa nini.

Kinachodaiwa si kikubwa. Kila mechi iwe na mwandishi mmoja, hata mwanafunzi. Aandike jina kamili la kila mchezaji, si "yule wa Sange" wala "mkimbizi mrefu". Kisha safu tano: pointi, rebaundi, pasi, bloki, makosa. Wanaocheza mpira wa miguu nao wamwandike kipa na mipira aliyookoa, pamoja na beki, wasimwandike mfungaji peke yake. Karatasi ipigwe picha kwa simu na itumwe kwa viongozi wa ekipi zote mbili, ili ikiungua hapa ibaki kule. Na redio zinapotangaza matokeo zisome pia jina la aliyezuia.

Huenda mama yake anasikiliza redio ile ng'ambo ya mto, naye hajui kama mwanawe yuko hai. Pointi za ekipi hazitamwambia. Jina litamwambia.