DVD Yangu, Kufuli la Nani?

Ukinunua daftari, hakuna anayekupangia uandikie kalamu gani. DVD ni habari nyingine. Unatoa hela yako, unaiweka kwenye kompyuta ya mezani, inagoma. Tunaishia kusema "CD mbovu" au "mashine ina virusi." Mara nyingi CD ni nzima kabisa, ila imefungwa.

DVD nyingi za kampuni kubwa za filamu zina kufuli liitwalo CSS. Picha zinavurugwa, na ufunguo wanapewa watengenezaji wa deki na programu waliolipia leseni. Juu yake kuna kufuli la ukanda: Tanzania tuko ukanda wa 5, Uingereza wa 2, Marekani wa 1. Tena tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ya kawaida haiji na programu ya kuonyesha DVD. Kwa hiyo DVD ya baiolojia iliyoletwa na mgeni kutoka Uingereza inaweza kulala kabatini katika shule ya huku Kolandoto, wakati mwalimu anahangaika kuchora moyo ubaoni kwa chaki.

Dawa ipo, na ni ya bure: VLC. Ilianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa. Wanafunzi kama sisi! Mwaka 2001 ikawa programu huria. Ndani yake kuna libdvdcss, inayofungua kufuli la CSS. Ukiwa na Ubuntu, unaongeza kifurushi cha libdvd-pkg. DVD za ukanda mwingine nazo mara nyingi hukubali, ingawa draivu nyingine ni kaidi.

Wapo watakaosema tunafundishana wizi. Hapana. Kunakili kazi ya msanii na kuiuza ni kumwibia, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo kwa ajili hiyo. Kuangalia ulichokinunua ni jambo jingine. Jon Lech Johansen wa Norway alikuwa na miaka 15 mwaka 1999 aliposhiriki kutoa programu ya kufungua kufuli hilo. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama zikamwachia mara mbili: kufungua DVD uliyoinunua kihalali si kosa. Hiyo ni sheria ya Norway, lakini hoja yake inaeleweka hata Shinyanga. Na kwani kufuli liliwazuia wauza CD feki? Mitaani zilijaa. Aliyebanwa ni mnunuzi mwaminifu.

Sisi wa ualimu jambo hili linatuhusu zaidi. Shule nyingi hazina intaneti ya uhakika, na bando ni la mfukoni kwa mwalimu. DVD haili bando. VLC unaipakua mara moja, unaisambaza kwa fleshi, na leseni yake inaruhusu.

Naomba serikali yetu ya wanafunzi idai VLC iwekwe kwenye kila kompyuta ya maabara. Na wewe unayekwenda mazoezi ya kufundisha, kabla hujapanda basi, iweke kwenye fleshi yako pamoja na maandalio ya somo.