Mji Si Cheo, Shamba Si Tusi

Liko neno moja ambalo watoto wetu hutupiana viwanjani kama jiwe: mshamba. Mwalimu akilisikia hucheka, au hupita kana kwamba hakusikia. Mimi nasema neno hilo lina sumu, na sumu yake imechotwa katika kosa la kudhani kwamba mji ni cheo cha utu.

Tuulize kwanza: mji ni nini? Wazee wetu hawakulitenga neno hili na maisha ya kijijini. Mtu mwenye nyumba mbili na zizi aliweza kusema, "Karibuni mjini kwangu", na tumbo la uzazi likaitwa mji wa mimba. Mji ulikuwa mahali pa kuzaliwa, kulelewa na kuzikana. Haukuwa taa wala lami.

Leo mji hutangazwa. Huko Denmark, makazi ya watu 200 yaliyokaribiana huhesabiwa kuwa mji. Huko India, mahali pasipotangazwa kisheria kuwa mji hudaiwa watu 5,000, msongamano wa watu 400 kwa kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wafanyao kazi wawe nje ya kilimo. Basi mkulima yule yule, na jembe lile lile begani, kule ni mtu wa mji, huku ni mtu wa shamba. Je, utu wake umebadilika? La hasha!

Hapa kwetu pia tumeyaona. Katika mabadiliko ya Madaraka Mikoani, yaliyoanza mwaka 1972, halmashauri za miji zilivunjwa, zikarudishwa mwaka 1978. Je, katika kipindi hicho Tanga iliacha kuwa mji? Kisha mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili: Na. 7 ya mamlaka za wilaya, yenye vijiji na vitongoji, na Na. 8 ya mamlaka za miji, yenye mitaa.

Atasema mtu kwamba Serikali haiwezi kupanga maendeleo bila mipaka. Ni kweli, nami niliyekula chumvi ya ofisi siupingi mpaka. Napinga ujinga juu ya mpaka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, nayo huwajibika kwa mkutano wa wanakijiji wote watu wazima. Kijiji kikigeuzwa mtaa, mkutano huo hauna tena mamlaka hayo. Ardhi huamuliwa ngazi za juu. Mkulima hulala mwanakijiji, akaamka mtu wa mtaa, na shamba lake laitwa kiwanja.

Mabadiliko hayo yaweza kuleta heri: maji, barabara, zahanati. Lakini wangapi huuliza wanachotoa ili wapate hayo? Wengi hupiga vigelegele tu, kwa kuwa walifundishwa tangu shuleni kwamba kuitwa wa mjini ni kupanda ngazi. Hapo ndipo neno lile la uwanjani huzaa matunda yake machungu. Aonaye haya kuitwa mshamba hawezi kuinua mkono mkutanoni akatetea shamba.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 katika Tanzania, na takriban theluthi mbili yao waliishi vijijini. Taifa linalotumia shamba kuwa tusi linajitukana lenyewe, tena kwa kinywa kilichoshibishwa na shamba hilo hilo.

Ndugu walimu, wafundisheni vijana kwamba mpaka wa mji ni mstari wa kazi, uliochorwa na watu na uwezao kufutwa na watu. Wajue sheria inayouchora, na haki inayohama unapohama. Na neno lile likirushwa tena uwanjani, msicheke. Mkataa kwao ni mtumwa. Na anayemfundisha mtoto kukataa kwao, tumwiteje?