Sekunde thelathini zinaweza kukunyima kura

Chukua chumba kimoja cha kupigia kura hapa Jericho. Darasa la kawaida, ubao ukutani, madawati yamesukumwa kando. Kisheria chumba hicho hakifai kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Mlango unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Hayo ni masaa 11, yaani dakika 660. Toa simu ugawanye mwenyewe: wote 700 wakija, kila mmoja ana sekunde 57 hivi.

Najua wote hawaji. Mwaka wa 2022 walijitokeza kama asilimia 65 ya waliosajiliwa. Kwa chumba kilichojaa hao ni watu 455, na kama karani anammaliza mmoja kwa dakika moja, kazi inaisha kwa masaa saba na nusu. Hapo tuko sawa.

Sasa leta ugonjwa. Karani ameagizwa apanguse kioo cha mashine ya KIEMS baada ya kila kidole, angoje kikauke, halafu akuambie ushushe barakoa akuone uso. Tuseme yote hayo yanakula sekunde 30 peke yake. Kila mtu sasa ni dakika moja na nusu, na watu 455 wanahitaji dakika 682. Siku yenyewe ilikuwa na 660.

Utaniambia sheria inamruhusu aliye kwenye laini saa ya kufunga apige kura yake. Ni kweli. Lakini wewe unajua vile sisi hupiga kura. Hatuji mmoja mmoja tukipishana. Tunarauka. Saa kumi alfajiri mtu wa boda ashafika, mama mboga ashafika kwa sababu anataka kurudi kufungua kibanda, wazee walishafika kitambo. Tuseme watu 200 wako getini kabla ya mlango kufunguliwa. Wa mwisho wao, kwa mwendo wa dakika moja, anangoja masaa matatu na dakika ishirini. Ongeza zile sekunde 30, anangoja masaa matano. Masaa matano mgongoni mwa mtu anayekohoa, ndio tumuepushe na ugonjwa!

Hii hesabu ni ya kalamu na karatasi, na niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo usiogope, haina makuu. Shida yake ni kwamba inadhani watu wote wako sawa. Hawako. Kuna shosho ambaye vidole vimechakaa kwa kufua na mashine inakataa kumsoma mara nne. Kuna mtu anayesaidiwa kupiga kura. Kuna msee ambaye amepewa karatasi sita, kuanzia rais hadi MCA, na anaanza kuzisoma kama gazeti la Jumapili. Mmoja akikwama, wote nyuma yake wamekwama.

Hapo ndipo simulesheni ya kompyuta inaingia. Ni kuigiza siku ya kura kabla haijafika. Unaunda wapiga kura 455 wa kubuni, kila mmoja unampa saa yake ya kufika na muda wake kwa karani na kwenye kibanda, mingine mifupi, mingine mirefu, kwa bahati nasibu kama dadu. Unaiendesha hiyo siku mara elfu moja. Halafu huangalii siku ya wastani, unaangalia zile mbaya: laini ilifika wapi, nani alisimama zaidi ya saa moja, watu wangapi walibanana ndani ya chumba kwa wakati mmoja. Hesabu za foleni ni za kale kuliko kompyuta. Erlang wa Denmark alikuwa akizifanya mwaka wa 1909 kwa ajili ya simu za Copenhagen. Leo unahitaji laptopu ya mtumba na Python, ambayo ni ya bure.

Na inakuonyesha vitu ambavyo macho hayaoni. Mfano: watu wakikasirikia laini, kelele ya kwanza ni "leteni mashine ingine!" Lakini tuseme kila mtu anakaa kibandani dakika tatu na chumba kina vibanda viwili. Hapo mtu anatoka kila dakika moja na nusu, hata ulete KIEMS kumi. Unahitaji kibanda cha tatu, ambacho ni kadibodi. Kadibodi, jamani.

Tena nafasi. Watu 200 wakiachana mita moja na nusu ni laini ya mita 300. Kituo chenye vyumba sita kina mita 1,800, karibu urefu wa viwanja 18 vya soka. Hakuna shule hapa itakayomeza hiyo. Laini itatoka getini, iingie barabarani, ijikunje kati ya nyumba, na kule nyuma hakuna askari wala karani wa kuitazama. Na sisi tuna Camp Toyoyo, uwanja mzima wa wazi katikati ya mtaa. Simulesheni ingekuambia ni watu wangapi wangojee uwanjani na waitwe lini ili getini kusiwe na msongamano.

Pia ni lazima uulize ni ugonjwa gani. Tunapenda kufikiria Covid tu, lakini Julai 2017, wiki chache kabla ya kura ya Agosti 8, Nairobi ilikuwa na kipindupindu. Hapo umbali kati yako na jirani si hoja kubwa. Hoja ni watu elfu moja mia mbili waliosimama masaa matano, vyoo vya shule viko vingapi, na mfereji una maji ama umekauka. Laini ni ile ile, swali ni lingine kabisa.

Walioamua bila hesabu tumewaona. Aprili 7, 2020, jiji la Milwaukee kule Marekani lilikosa makarani kwa sababu ya Covid, likafungua vituo vitano badala ya 180 hivi. Watu walisimama masaa. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walitumia data ya jiji hilo kwenye simulesheni, na moja ya waliyoyaona ni kwamba kuunganisha vituo kunaleta foleni ndefu. Wenzetu angalau wana kura ya mapema na ya posta. Sisi mzigo wote unaangukia Jumanne moja.

Lakini kinachoniuma zaidi kiko karibu na sisi. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa Congo, tume ya huko ilisema Beni na Butembo hazitapiga kura hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Hizo zilikuwa ngome za upinzani. Desemba 30 vijana na wazee wa Beni walijipangia kura yao ya ishara, wakapanga laini, wakanawa mikono. Haikuhesabiwa. Rais mpya aliapishwa Januari 24, 2019. Machi ilipofika, kura ya urais haikuwa na maana tena.

Ebola ilikuwa ya kweli, sitabishana na hilo. Ninachosema ni kwamba mtu akikuambia "mtaa wenu hauwezi kupiga kura salama", unafaa uwe na kitu mkononi cha kumjibu, na watu wa Beni walikuwa na ndoo za maji tu. Fikiria akikuambia hivyo kuhusu Makadara, wiki moja kabla ya Agosti 10, 2027.

Najua Mkenya akisikia kompyuta na kura kwa sentensi moja anaanza kupiga kelele za "fungueni sava". Tulia. Hii haihesabu kura ya mtu. Inahesabu dakika, na IEBC inaweza kuiweka wazi kila mtu aikague: kituo hiki, vibanda vitatu, laini inapita hapa, kukitokea ugonjwa tunabadilisha hivi. Wataalamu hatukosi. KEMRI na Wellcome kule Kilifi walitumia modeli za kompyuta kufuatilia Covid ilivyosambaa nchini.

Kinachokosekana ni data ya dakika, na hiyo wewe unaweza kuileta. Uchaguzi mdogo wowote ukitangazwa karibu nawe, simama nje ya kituo na simu. Andika watu wangapi walikuwa getini saa kumi na mbili kamili. Chagua watu ishirini, wapime kutoka wanapoingia mlangoni hadi wanapotoka. Rudia saa nne na saa nane. Usimuulize mtu amempigia nani, usipige picha ya karatasi ya mtu, na afande akikuuliza unafanya nini, mwambie unahesabu laini.