Mashauri kwa Mafundi: Matone ya Moto

Fundi alehemuye nyumbani huona matone ya chuma yakiruka na kugandamana kandokando ya mshono. Asiharakishe kuilaumu mashine. Kwanza aondoe kutu, rangi na mafuta. Vijiti vyake viwe vikavu, kwani unyevu hugeuka mvuke na kurusha chuma kilichoyeyuka. Kwa kijiti cha kawaida cha milimita 2.5, ampea 70 hadi 90 zatosha. Ncha yake isiwe mbali na chuma kupita unene wa kijiti chenyewe. Koleo la waya wa kurudisha umeme lishike mahali palipong'arishwa. Hata hivyo machache yataruka: watoto wakae mbali, majani makavu yaondolewe. Tone moja laweza kuteketeza nyumba ya jasho la miaka mingi.