Renjifainda ya zamani au ya kisasa? Swali lenyewe lina kasoro

Haya, leo tuiweke kompyuta pembeni kidogo. Kila nikionekana Mji wa Kale na kamera ya filamu naulizwa: ninunue renjifainda ya zamani au ya kisasa?

Kwa asiyeijua, hii ni kamera ambayo hutazami kupitia lenzi bali kupitia kidirisha cha juu. Humo unaona taswira mbili za kitu kimoja. Zungusha lenzi mpaka zikutane, hapo umeshapata fokasi. Ndani hakuna kioo kinachoruka, kwa hiyo haina kelele. Katika vichochoro vyetu hilo ni jambo kubwa (ingawa kabla ya kumpiga mtu picha, hodi ni lazima).

Wengi wanadhani zamani maana yake makanika na kisasa maana yake umeme. Si kweli. Yashica Electro 35 ilitoka 1966, na bila betri inabakiwa na kasi moja tu, 1/500. Leica M-A ilitoka 2014 na haina hata pa kuweka betri. Cosina wa Japani, waliotengeneza Bessa kwa jina la Voigtländer, walitoa R2A yenye shata ya umeme 2004, kisha R2M ya makanika 2006. Ndugu wa tumbo moja hao: betri ikiisha, mmoja amekufa, mwenzake amepoteza kipima mwanga tu. Sisi waandika programu tunalijua tatizo hili, la kutegemea kitu ambacho hukimiliki. Bessa zilikoma kutengenezwa 2015. Saketi ya R2A ikiungua leo, fundi ataitoa wapi nyingine? Gia na springi angalau anaweza kuzifungua akazitazama.

Sasa njoo Ngome ya Yesu saa sita mchana, jua liko utosini. Kanuni ya wazee wa picha: tundu la lenzi f/16, kasi iliyo karibu na namba ya filamu. Kwa filamu ya 400 hiyo ni 1/500, na Canonet QL17 GIII ya 1972 imeshafika mwisho wake. Bessa inafika 1/2000, unafungua mpaka f/8 bila wasiwasi. Hapa ya kisasa inashinda, sibishi. Lakini geuka uelekee Ndia Kuu, kwenye kuta zilizopakwa chokaa. Kipima mwanga, kiwe cha 1972 au cha 2022, kinaudhani ukuta mweupe ni wa kijivu, na picha inatoka na giza. Upya hauna msaada hapo.

Kuna jingine ambalo hakuna anayeniuliza. Kwa kuwa hakuna kioo, lenzi ikielekea jua inalikusanya juu ya shata, kama watoto wanavyochoma karatasi kwa lenzi. Shata za Leica ni za kitambaa, tangu M3 ya 1954 hadi M6 iliyorudishwa sokoni 2022 kwa zaidi ya dola 5,000. Iache wazi ukutani ngomeni ikitazama jua, utaondoka na tundu. Shata za Bessa ni za chuma. Za Canonet pia, nazo zimo ndani ya lenzi. Bei haikuokoi.

Kwa hiyo, kwa pwani hii: Canonet ukiwa na hela kidogo, R2M ukiwa nazo nyingi, Leica ukirithi. Betri ya zebaki ya Canonet haiuzwi tena. Ile ya vifaa vya kusaidia kusikia yenye volti 1.4 inafaa ukiizungushia kipete, na hata bila betri unapanga kila kitu kwa mkono. Kabla ya kulipa, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu itaenea. Mrudishie mwenyewe, hata akipunguza bei.