Mtaa salama haujulikani kwa jina

Mwezi Januari mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu, alinipigia simu kunijulisha kwamba amepata kazi ya ualimu katika shule moja ya kutwa mjini Kitale. Nilimpongeza kama ilivyo ada. Kabla sijamaliza kumwombea heri alinikatiza: "Mjomba, wewe uliwahi kuishi kule. Matisi kuko salama?" Nami, mtu ambaye riziki yangu yatokana na kuchunguza maneno ya watu, nikamjibu bila kufikiri: "Ah, kuko salama tu, mwanangu. Ila usitembee usiku."

Simu ilipokatika niliona haya. Jibu nililompa halikuwa na habari yoyote ndani yake. Fauka ya hayo, nilikuwa sijatia mguu Matisi kwa miaka sita. Nilisema nilichosema kwa sababu ndicho kisemwacho.

Neno salama tumelirithi kutoka Kiarabu na kulitwika kazi nyingi, mojawapo ikiwa ni kujibu maamkuzi. Mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu "salama" au "njema" hata kama ndiyo kwanza anatoka makaburini, adabu ikishatimizwa ndipo huongeza, "ila mzee ametuacha." Basi mgeni anayemwuliza mwenyeji iwapo mtaa ni salama hajauliza swali, ameamkua. Naye mwenyeji humwitikia kama alivyofunzwa na mamaye. Mwenye nyumba anayetafuta mpangaji ana sababu zaidi ya kuitikia hivyo, lakini hata asiye na faida yoyote hawezi kuutangaza mtaa wake kuwa wa wezi mbele ya mtu wa kupita.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wa sarufi watalifahamu upesi. Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: pa- kwa mahali dhahiri, ku- kwa mahali pasipo dhahiri, na mu- kwa ndani. Nimesikiliza kwa muda mrefu jinsi sisi wa Bungoma na Kitale tunavyouzungumzia uhalifu, na aghalabu hatari tumeipa makazi katika ku-. "Kule Kipsongo ni kubaya." "Kule watu huibiwa." Ni nadra kumsikia mtu akisema "pale, kwenye kona ya kinu." Na hicho kiambishi hu- kina udhaifu wake: hakitaji nafsi wala wakati. Watu huibiwa. Watu gani? Lini? Saa ngapi? Waliibiwa nini? Msemaji hadaiwi chochote, na akibanwa sana hujikinga kwa methali kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijui methali nyingine iliyowakosea haki watu wengi wa mitaa ya maskini kuliko hiyo.

Chukua Kipsongo yenyewe. Ni mtaa wa mabanda mjini Kitale, na wengi wa wakazi wake ni jamii za Waturkana zilizofika hapo zikikimbia ukame na uvamizi wa wezi wa mifugo. Yaani watu waliokimbia wizi ndio waliobandikwa jina la wezi. Nimewahi kumfundisha kijana aliyezaliwa huko, ambaye katika kila fomu aliandika kwamba anatoka "Kitale mjini" na kuishia hapo. Nilipomwuliza sababu alitabasamu tu.

Kwa upande mwingine, jina zuri halimkingi mtu. Kati ya Machi na Mei 2013, magenge yaliyojihami kwa mapanga na rungu yalivamia maboma katika Kaunti za Bungoma na Busia, yakaua watu na kujeruhi wengine wengi. Hayakuanzia katika vichochoro vya mjini tulivyoonywa navyo tangu utotoni. Yalizuka vijijini na viungani mwa mji, sehemu zile zile ambazo mgeni alikuwa akishauriwa kupanga ili apate utulivu. Nami nilipoishi Kitale nilipanga katika mtaa wenye heshima, wenye michongoma na malango marefu, nikavunjiwa nyumba mchana kweupe siku ya Jumanne. Ukuta ule ule uliowazuia wezi kuingia kwa urahisi ndio uliowazuia majirani kuwaona walipokwisha kuingia. Nilipokwenda kuuliza kama kuna aliyesikia lolote, niligundua kwamba simfahamu hata mmoja wa kumwuliza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kawaida hatulisemi magazetini. Mara nyingi Mkenya anapouliza "kuko salama?" anauliza "watu wetu wako?" Hili lina chimbuko lake, nami sina ubavu wa kumcheka mtu. Mwaka 1992 nilikuwa darasa la tano huko Bungoma wakati wanafunzi wapya walipoanza kuingia darasani kwetu katikati ya muhula, bila sare wala vitabu. Nyumba zao zilikuwa zimechomwa katika vita vya kikabila vilivyoikumba Trans Nzoia na sehemu za Mlima Elgon. Tulikaa wanne kwa dawati la watu wawili. Baadaye, kati ya mwaka 2006 na 2008, wanamgambo wa SLDF waliitesa Mlima Elgon, na operesheni ya kijeshi iliyoanza Machi 2008 kuwakomesha ilileta vilio vyake yenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale uligeuka kambi ya waliohamishwa. Mtu aliyepitia hayo akiuliza majirani wake watakuwa kina nani, ana haki ya kuuliza.

Hata hivyo, swali hilo halimsaidii mwalimu wa kike anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, vitabu vya kusahihishwa vikiwa mkobani. Anayemvizia njiani hamwulizi lugha ya mama. Na mtaa uliojaa "watu wetu" unaweza kukosa taa, ukakosa mtu wa kufungua dirisha mtu anapopiga ukemi. Tumechanganya amani ya nchi na usalama wa njia ya kwenda nyumbani, ilhali haya ni mambo mawili.

Mpwa wangu nilimpigia tena jioni ile ile. Nilimwambia asilitumie neno salama mbele ya mwenyeji yeyote, bali aulize kwa lini, wapi na saa ngapi. Amwulize mama mboga wa kituoni anafunga saa ngapi, na kama ni saa moja usiku aulize kwa nini si saa tatu. Mama mboga hatafuti mpangaji, na saa yake ya kufunga ameipima kwa hasara na faida ya miaka. Amwulize mwendeshaji bodaboda nauli ya mchana na nauli ya saa nne usiku hadi lango lile. Ikiwa maradufu hiyo ni kawaida, lakini akisema haendi kwa bei yoyote, huyo ametoa ripoti kamili. Atazame duka: je, muuzaji hukupa sukari kwa mkono, ama kupitia tundu la wavu wa chuma hata saa nne asubuhi? Na nguo. Hakuna takwimu ninayoiamini kama nguo zilizoachwa kambani usiku kucha. Ripoti za kila mwaka za polisi hutoa hesabu kwa kaunti, wala hazihesabu isipokuwa yale yaliyopelekwa kituoni. Kamba ya nguo hutoa hesabu ya ploti.

Nilimsisitizia pia auone mlango wa choo na mfereji. Ploti nyingi zina choo nje, na mwanamke anayelazimika kuvuka ua wenye giza usiku wa manane hajali kwamba mtaa wote una sifa njema. Kama upo mlingoti wa mulika mwizi (jina ambalo wananchi walilitunga kwa ufasaha kuliko tungo nyingi za wataalamu), aende usiku aone kama unawaka. Kisha amwulize mpangaji wa chumba cha pili, si mwenye nyumba, aliyetangulia katika chumba hicho alihama kwa sababu gani.

Tangu Nyumba Kumi ianzishwe mwaka 2013, kwa mfano ambao Tanzania ilikuwa nao tangu enzi za TANU, tunaambiwa twende kwa mzee wa mtaa. Na aende, lakini akiwa na swali lenye tarehe: mara ya mwisho nyumba kuvunjwa hapa ilikuwa lini, na ni nani aliyefika kwanza? Jibu la sehemu ya pili ni zito kuliko la kwanza. Panapoibwa mara moja kwa mwaka na majirani wakatoka wote, naona ni heri kuliko pasipoibwa kamwe kwa kadiri mtu yeyote ajuavyo.

Alikwenda Alhamisi, akafika saa kumi jioni na kukaa hadi saa mbili usiku. Alinipigia akiwa ndani ya matatu ya kurudi Bungoma, wakipita Kiminini, na habari aliyonipa sikuitarajia. Chumba alichokipenda hakikuwa na kasoro. Majirani walikuwa wakipika nje na watoto wakicheza hadi giza lilipoingia. Lakini mama mboga alimwonyesha njia ya kutoka kituoni, akamwambia: "Mwalimu, sasa unaona hapa ni wazi. Rudi Agosti." Njia hiyo inapita kando ya shamba la mahindi. Trans Nzoia hupanda Machi na Aprili, na kufikia Julai mahindi yamempita mtu kimo. Hayavunwi mpaka Oktoba na kuendelea. Njia iliyo uwanda mwezi Februari huwa kichochoro nusu ya mwaka. Mimi niliyelelewa kwenye mahindi sikuwa nimelifikiria hilo.

Amepanga huko huko Matisi, upande wa pili wa barabara, katika chumba kidogo zaidi na cha bei ya juu kidogo. Walimu wenzake wawili hupita langoni kwake saa kumi na mbili kasorobo na kuondoka pamoja. Laiti kila shule inayompokea mwalimu mgeni ingemkabidhi, pamoja na ratiba, mtu mmoja wa kutembea naye katika njia zake kwa wiki ya kwanza! Haingehitaji bajeti wala waraka kutoka Nairobi. Vyuo vyetu navyo vinavyowaacha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wajitafutie vyumba nje ya lango vingeweza kuwatuma wa mwaka wa tatu wawaonyeshe ni wapi, na saa ngapi.

Juzi katika mazungumzo yetu alinigeuzia kibao. "Mjomba," akasema, "na hapo kwako Bungoma, jirani wa kushoto anaitwa nani?" Nimekaa katika nyumba hii miaka tisa. Nilijua ana gari jeupe na mbwa anayebweka saa tisa usiku. Jioni iliyofuata nilikwenda nikabisha. Alichungulia kwanza kupitia tundu la lango, akaniuliza namtafuta nani.